Haditopu ya kwenda Kigoma: kumbukumbu ya mradi, Februari hadi Juni

9 Februari
Gari limefika nyumbani. Ni Land Cruiser haditopu, HZJ78 ya mwaka 2003. Lilikuwa gari la mradi huko Singida, nikalipata kwenye mnada likiwa limetembea kilomita 286,000. Safari ninayoliandalia ni ya Julai: kutoka Arusha kwenda Singida, Tabora na Kigoma, halafu tushuke Mpanda, tukatize Katavi hadi Sumbawanga na turudi kwa njia ya Mbeya. Tutakuwa watatu, mimi, mke wangu na shemeji.

Kabla ya kununua niliazima Land Rover Defender ya Tdi (ya dizeli) kwa siku mbili na niliipenda sana. Nilipokaa chini kuamua, swali likawa moja tu: nikikwama Mpanda Jumapili, spea nitaipata kwa nani? Gari la polisi na la hospitali ya wilaya mara nyingi ni haditopu kama hili, lenye injini hii hii ya 1HZ. Silinda sita, ujazo wa sisi (cc) 4,164, haina tabo (turbo), pampu ya dizeli ni ya kimekanika na hakuna kompyuta ya kukukatalia kuwaka porini. Haina mbio. Mlima Sekenke tutaupanda taratibu pamoja na malori, na mimi sioni shida.

2 Machi
Siku nzima chini ya gari. Fundi alifungua nati ya difu ya nyuma (sanduku la gia katikati ya ekseli), akakinga oili kwenye kopo la rangi, akaniita nije nione. Oili ilitoka nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa iliyopoa. Maji yaliingia zamani na yakabaki humo. Akasema, "Kijana wangu, hii gari haikuvuka mto, ilizamishwa." Mbele mambo yalikuwa yale yale kwa namna nyingine: sili za ndani za ekseli zimekwisha, oili ya difu imevuka na kuchanganyika na grisi kwenye vifundo vya magurudumu, ikawa uji mweusi. Tumebadilisha sili zote na beringi nne za mbele. Mkanda wa taimingi nao tumeweka mpya. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hakuna karatasi iliyoonyesha ulibadilishwa lini.

Fedha za mwezi zimeishia hapo. Sijanunua hata taa moja ya kupendezesha, wala sijutii.

29 Machi
Tairi. Vijana wengi wananishauri niweke pana, zisizo na tyubu, kwa kuwa zinapendeza. Nimebaki na 7.50R16 nyembamba za tyubu, kwenye ringi za chuma zenye bangili, yaani pete ya chuma inayofungia tairi kwenye ringi. Fundi pancha wa kijijini mwenye nyundo, vyuma viwili na kiraka anaimaliza chini ya mwembe. Tahadhari yake naiandika hapa ili shemeji aisome: bangili ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huruka kama kombora. Ringi inalazwa kifudifudi, bangili chini, na hakuna mtu kuinamia.

20 Aprili
Umeme na friji. Friji inakula ampea 4 inapozunguka, na kwa joto la Tabora nakadiria itazunguka nusu ya siku. Hizo ni ampea-saa 48. Betri yangu ya pili ni ya ampea-saa 100, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inatosha siku moja bila ziada. Sola ya wati 100 itarudisha zaidi ya nusu ya hiyo kwa jua zuri. Waya nimeuongeza unene baada ya kuona friji inajizima usiku ilhali betri ina chaji. Umeme ulikuwa unapotelea njiani kwenye waya mwembamba wa mita tano.

17 Mei
Leo nimelipeleka gari kwenye mizani likiwa na kila kitu: keria ya chuma juu, hema la paani, tairi la akiba la pili, madumu mawili ya dizeli, maji lita 40, masanduku. Kilo 2,960 kabla sisi watatu hatujapanda. Ekseli ya nyuma peke yake 1,770.

24 Mei
Tumerudi jana kutoka Ziwa Natron, safari ya kulijaribu gari. Niliichagua njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Engare Sero kwa sababu ya rasta (matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi yanayotetemesha gari) na vumbi lake.

Vumbi lilitufundisha mapema. Kilomita chache baada ya Engaruka kila sufuria ilikuwa ya kijivu, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa vizuri. Gari la umbo la sanduku likikimbia huvuta hewa kwa nyuma, na vumbi huingia nayo. Tulifunga madirisha, tukawasha feni ya mbele kwa nguvu ili hewa isukumwe kutoka ndani kwenda nje, na hali ikawa afadhali sana. Kichwa cha mkonga, bomba refu la kuvutia hewa ya injini, nacho tulikigeuza kitazame nyuma. Upepo wa tairi nilishusha kutoka PSI 45 hadi 30, usukani ukaacha kutetemeka.

Jioni, mlima Lengai ukiwa umesimama mbele yetu, nilipanda na tochi kukagua keria. Kwenye kona ya nyuma kulia, pale mguu wa keria unapobana mfereji wa mvua, niliona mstari mwembamba kama unywele. Nilipitisha ukucha, ukashika. Haukuwa ufa wa keria, ulikuwa wa paa la gari lenyewe, na ukingo wake ulishaanza kutu ya rangi ya chungwa. Nilikaa juu pale muda mrefu. Nilijumlisha vitu vilivyokuwa chini ya makalio yangu: keria kilo 70, hema 62, tairi 35, madumu karibu 42. Zaidi ya kilo 200, zikiyumba kushoto na kulia kwa kila rasta tangu asubuhi.

Tena madumu yale sikuyahitaji. Gari lina matangi mawili ya lita 90. Kwa kilomita 7 kwa lita hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200.

14 Juni
Keria imeshuka, na hema na madumu pia. Tairi la pili limeingia ndani. Mfereji umechomelewa na kupigwa rangi. Mimi na mke wangu tutalala juu ya masanduku kwenye godoro la inchi nne. Shemeji ana kihema chake, anasema anapenda hewa, ila Katavi nitamshawishi awe nacho mbali na maji, viboko hutoka usiku. Mizani leo: 2,790, nyuma 1,650. Lilipovuka matuta ya barabarani nilisikia tofauti kabla ya kuiona, ule mgongano wa springi kugusa raba zake za kuzuia haukuwepo.

Zimebaki nyavu za madirisha kwa ajili ya ndorobo, na feni belti ya akiba. Jumamosi tunafungua tena nati ya difu ya nyuma, tuone oili inatoka na rangi gani.