Nilivyoipata Jumatano ya mama bila kuacha kazi

Mama alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa tatu, upande wa kulia ukalala kabisa, na kwenye familia mimi ndo niko Dar wengine wote wapo Masasi. Akapangiwa mazoezi ya viungo kila Jumatano asubuhi. Mimi ni mtunza stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Ushauri niliopewa ulinikera sana. Mmoja eti tafuta ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazini) kila Jumatano, mwingine acha kazi ufungue genge. Dada wa kukaa na mama namlipa laki na kitu, bado bajaji kwenda na kurudi, genge gani litabeba hayo yote?

Nikaenda kwa afisa utumishi, nikalia mbele yake. Alinisikiliza vizuri tu ila akanisomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku nne za malipo mtoto wako akiumwa au akifariki, lakini mzazi ni akifariki tu. Yani mama yuko kitandani hanyanyuki sina siku hata moja, akifa ndo napewa nne. Nilitoka mle sina nguvu ya miguu. Nikaanza kuimega likizo yangu ya siku 28 Jumatano mojamoja, nikaona kabisa mwaka hauishi.

Baadae nikaisoma sheria ileile mwenyewe usiku, nikakuta kifungu cha 22, mkikubaliana kwa maandishi mtu anaweza kukaa kazini mpaka masaa 12 kwa siku, muda wa kula humohumo, bila ovataimu, wiki ikawa fupi. Mkataba wangu ni masaa 40. Nikiingia saa moja asubuhi nikatoka saa kumi na mbili jioni, ukitoa lisaa la kula, siku nne zinamaliza yote! Na hapa ndo nilipompata bosi: mafuso ya mikoani yanapakia saa moja, na alikuwa analipa ovataimu ya mara moja na nusu kijana mwingine aje kufungua na kuhesabu mzigo, kijana mwenyewe anatokea Kibaha kachoka kuamka usiku wa manane. Nikaandika ukurasa mmoja, ovataimu inavyofutika juu kabisa, nani anashika leja Jumatano (nilishamfundisha wiki mbili kabla), ugonjwa wa mama nikauweka mstari wa mwisho.

Bosi akasema tujaribu mwezi. Jumatano ya kwanza simu zilipigwa mpaka chaji ikaisha, tangu hapo kila Jumanne jioni naacha karatasi ya mzigo unaoingia na unaotoka, simu zikaisha.

Sasa nyie wenye wafanyakazi, msisubiri mtu aje kulia ofisini, muulizeni mapema nyumbani kwake kuna nani wa kumuangalia. Wangu ameshaanza. Juzi mwenzetu wa malipo mwenye mtoto wa selimundu aliitwa ofisini, akajua anaonywa kwa kuchelewa kliniki, kumbe bosi anamwambia kaandike karatasi kama ile ya stoo, uniletee kesho.