Wodi mpya, ambu begi kabatini

Nimerudi Kigoma. Mwisho wa reli bado ni mwisho wa reli na mgebuka bado ni mgebuka, lakini wodi ya wazazi si ile. Mliokulia Kigoma miaka ya tisini mnaijua ile: kitanda kimoja mama wawili, taa ya chemli, beseni na wembe na uzi na kanga unakuja navyo mwenyewe, na wanaume wanapokezana machela kutoka milimani huku mgonjwa kafunikwa shuka usoni kwa ajili ya jua. Sasa kuna vigae. Kuna pazia kati ya kitanda na kitanda. Kuna namba 115, unapiga bure, mfumo wa m-mama unakutafutia gari la wagonjwa, na lisipokuwepo unakutafutia dereva wa hukohuko kijijini aliyesajiliwa na anayelipwa kwa safari. Wale wa machela nadhani wangecheka hadi walie.

Hata takwimu zimegeuka. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 umetoa 104. Makadirio ya namna hii yana mawimbi yake, lakini hata ukichukua nusu ya tofauti hiyo, kuna kitu kimefanyika. Ila teremka mstari mwingine, ule ambao wakurugenzi wa mashirika hawauchapi kwenye mabango. Vichanga wanaokufa ndani ya siku 28 za kwanza walikuwa 25 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Sasa ni 24.

Yaani miaka saba, tofauti ni mtoto mmoja. Sababu ziko nyingi, na mojawapo ina kufuli.

Ndugu zangu mlio nje mnaopanga kurudi na kufungua shirika la mama na mtoto, nawaeleza kuhusu kabati. Ni kabati la chuma la kijivu, liko kwenye chumba cha kuzalia au kwenye korido nje yake. Ndani mna ambu begi mbili za watoto, yaani mpira wa kukamua wenye barakoa, wa kumpa pumzi mtoto asiyepumua, bado zimo ndani ya nailoni, na stika ya mradi imebandikwa vizuri kwa ajili ya picha. Funguo iko kwa inchaji, nesi msimamizi wa wodi. Inchaji anatoka kazini saa tisa na nusu alasiri kama watumishi wote wa serikali, na watoto, wasio na saa za kazi, wanakuja saa tisa usiku. Huko Uingereza nilikotoka kifaa hichohicho kinaning'inia mezani penye taa ya joto, hatua mbili kutoka kitandani, na hakuna mkunga anayeuliza kiko wapi. Ukikuta hakipo, ni kisa cha kuandikiwa ripoti.

Msiharakishe kumlaumu inchaji. Kifaa kimeingizwa kwenye leja kwa jina lake. Kikipotea, anaulizwa yeye, na pengine anakatwa mshahara. Wafadhili wakija kukagua wanataka kukiona, na wakikiona kimechakaa wanauliza nani amekichakaza; wakikiona kipya wanapiga picha na kuondoka wameridhika. Mfumo mzima unamwambia inchaji: kifungie. Anakifungia. Aliyeandika bajeti ya mradi aliweka fedha za kununua vifaa, hakuweka hata shilingi ya kufidia vitakavyopotea au kuharibika kwa kutumika. Kosa liko pale, kwenye jedwali la ofisini, na si kwenye mfuko wa gauni la nesi.

Sasa tuhesabu sekunde. Watoto walio wengi wanalia wenyewe. Wengine wanahitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Kama 3 hadi 6 kati ya 100 wanahitaji kupewa pumzi kwa ambu begi, na wanaohitaji kubonyezwa kifua au dawa hawafiki hata mmoja kati ya 100. Kwa hiyo kazi yote ya kuokoa imelala kwenye mpira mmoja na barakoa yake. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kule Mbulu, walikaa na saa wakipima, na mwaka 2012 wakachapisha: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto pumzi zinaongeza hatari ya kufa kwa asilimia 16. Mtu akakimbilie funguo nyumba za watumishi, agonge mlango, arudi. Hesabu mwenyewe.

Na huyo mtoto ataandikwa nini? Kwenye rejista ya kujifungulia, kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, ataandikwa amezaliwa mfu. Hakupumua, hakulia, basi. Moyo wake ulikuwa unapiga, lakini hakuna aliyeweka kidole kwenye kitovu kuhisi. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipojaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, na matokeo kutolewa 2013, vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na hata waliokuwa wakiandikwa wamezaliwa wafu wakapungua kwa asilimia 24. Maana yake baadhi ya wale "wafu" walikuwa hai. Mkurugenzi asiyesoma safu hiyo ya rejista kila mwezi hajui shirika lake linafanya nini.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua. Kabla mama hajaanza kusukuma, meza ya mtoto inaandaliwa kando ya kitanda: kanga mbili kavu, kofia, glovu jozi mbili, mkasi, kibanio cha kitovu, kifyonzi, ambu begi na barakoa namba 1 kwa mtoto aliyetimia na namba 0 kwa mdogo. Begi linajaribiwa hapohapo: ziba barakoa kwa kiganja, kamua, usikie hewa inagoma na vali ya usalama inafunguka. Mtoto akitoka anakaushwa kwa nguvu, kanga iliyolowa inatupwa, anawekwa kwenye kavu. Halii? Safisha mdomo kisha pua kama kuna uchafu unaouona, sugua mgongo mara mbili tatu. Bado? Kata kitovu, mweke mezani, kichwa kiinuliwe kidogo kama anayenusa kitu, barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua lakini isiguse macho, na uanze. Kamua, mbili, tatu. Kamua, mbili, tatu. Hiyo inakupa pumzi kama 40 kwa dakika. Yote haya ndani ya dakika moja tangu atoke, ndiyo wanaiita dakika ya dhahabu.

Jicho likae kifuani, si usoni. Kifua kisipopanda, hewa inavuja au njia imeziba: bandika barakoa upya, rekebisha kichwa, angalia mdomo, ufungue kidogo, kamua kwa nguvu zaidi kidogo. Na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafyonza, wanafyonza tena, wanampiga kofi za unyayoni, wanamning'iniza miguu juu kama enzi zetu, dakika mbili zinakwisha kabla pumzi ya kwanza haijaingia. Kufyonza kunaonekana kama kazi, kila mtu chumbani anaona unahangaika. Kukamua mpira kwa utulivu kunaonekana kama mchezo.

Baada ya hapo usafi, ambao ndio unaoua vifaa vyenyewe. Ambu begi inafunguliwa vipande vyote, inaoshwa kwa maji na sabuni, inachemshwa dakika 10, inakaushwa kabisa, inaunganishwa na kujaribiwa tena. Kile kiplastiki laini cha vali, chenye umbo la mdomo wa bata, ndicho kinachopotea kwenye ndoo. Kikipotea au kikigeuzwa, begi linakamulika kama kawaida, linatoa sauti kama kawaida, na mtoto hapati kitu. Barakoa zilizolowekwa kwenye klorini usiku kucha zinakauka zinakuwa ngumu kama soli ya kandambili, hazikai usoni. Begi la mtoto lina kila kitu cha kuharibika, ndiyo maana kila kitanda cha kuzalia kinahitaji mawili: moja linatumika, jingine linakauka.

Mnaniuliza mafunzo? Mafunzo yapo. Semina ya siku tatu, hotelini, ukumbi wenye kiyoyozi, chai ya saa nne na sambusa mbili, posho, picha ya pamoja. Hii haijabadilika hata chembe tangu niondoke. Ni projekta tu imekuwa ndogo. Anayekwenda ni yule ambaye zamu yake ya semina imefika, siyo anayezalisha usiku. Anarudi na cheti, mwezi wa tatu anahamishiwa wodi ya wanaume.

Haydom hilo nalo walilipima. Mwaka 2013 walionyesha kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe hodari mbele ya mdoli wa mazoezi, lakini mbele ya mtoto halisi hawakubadilika. Wakabadili mtindo: mdoli ukahamia wodini, mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Hakuna hoteli. Wazo hilohilo likakua likawa mpango mpana zaidi, chini ya Dk. Benjamin Kamala na Profesa Hege Ersdal, katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kikaongezwa pamoja na mazungumzo ya takwimu za wodi yenyewe. Matokeo ya 2025: vifo vya watoto karibu na kuzaliwa vilitoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Posho ya semina moja ingenunua mdoli na kumlipa mlezi wa mazoezi kwa miezi mingi, lakini mdoli haugawi bahasha.

Nisionekane nachukia mashirika yote. Hapahapa Kigoma, Dk. Godfrey Mbaruku alishaonyesha njia kabla wengi wenu hamjazaliwa: kati ya 1984 na 1991, kwa hatua 22 za gharama ndogo na kwa kutumia kilichopo, vifo vya akina mama katika hospitali ya mkoa vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila 100,000. Alianza kwa kuchimba kila kifo kilitokana na nini, ndipo akapanga hatua. Shirika la Thamini Uhai walipeleka upasuaji wa uzazi hadi vituo vya afya, wakawafundisha madaktari wasaidizi kuufanya, na katika vituo 9 wakamruhusu mama aingie na mwenzi wa uzazi wa kumshika mkono. Pazia nililolisifu mwanzoni lina uhusiano na hilo. Huwezi kumwingiza shangazi ya mtu chumbani bila kumsitiri jirani yake. Na Rose Mlay wa Utepe Mweupe, muungano wa kutetea uzazi salama, na kampeni yao ya Wajibika Mama Aishi, hakugawa kitu: alikomalia fungu la bajeti ya halmashauri kwa ajili ya uzazi wa dharura. Kugawa ndoo kuna picha nzuri zaidi, najua.

Mnaotaka kuleta kontena, haya mafupi. Mashine ya Marekani ni ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Kitoa oksijeni kitaungua siku ya kwanza na kitabaki pembeni kikiwekewa mafaili juu. Kifaa tiba kinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kabla hakijapanda meli, siyo kikishafika bandarini na gharama za kuhifadhi zinakimbia. Kiota cha joto, yaani inkubeta, kisicho na fundi wala kipuri acheni hukohuko. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo anamhitaji mama yake kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge kimefungwa juu, na wodi yenye kiti ambacho mama anaweza kuegemea usiku kucha, leteni viti. Na kwenye masanduku ya msaada chungulieni barakoa: nyingi ni za watu wazima.

Kuhusu kabati, utaratibu unaofanya kazi ni huu. Msumari ukutani kando ya kila kitanda, kwenye kimo cha bega, mfuko safi wa kitambaa, ndani yake begi lililojaribiwa. Daftari la makabidhiano lina mistari miwili kwa kila zamu: idadi, na "nimelijaribu", na saini ya anayepokea badala ya anayeondoka, kwa sababu anayeondoka ana haraka ya daladala. Barua ya mkurugenzi, yenye muhuri, imebandikwa juu ya daftari: kilichopotea au kuharibika kinafidiwa na mradi ndani ya wiki moja, hakatwi mtu. Bila barua hiyo msumari utabaki mtupu na begi litarudi kabatini kabla ya Ijumaa.

Kisha nendeni usiku, bila kutoa taarifa kwa simu, saa nane hivi. Msiulize maswali ya fomu. Mwombeni mkunga wa zamu awaonyeshe ambu begi, na mtazame saa.