Nilivyofunga simuleta ya gofu ndani ya nyumba

Simuleta ya gofu ni mfumo wa kupigia mpira halisi kwenye skrini ya kitambaa: kifaa kinaupima mpira, na projekta inaonyesha kwenye skrini hiyo uwanja na mpira ulivyoendelea. Chumba nilichokuwa nacho kina urefu wa mita 5.6, upana wa mita 3.8, na kutoka sakafuni hadi dari ni mita 2.9. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu kila uamuzi uliofuata ulitokana na vipimo hivyo vitatu. Mwenye chumba chenye dari ya mita 2.5 asome akijua kwamba draiva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, huenda ikamshinda, abaki na aironi fupi, yaani fimbo za chuma. Wengi niliowauliza walikuwa wameanza kwa kununua projekta, kisha wakahangaika kuitafutia pa kukaa. Mimi nilianza na mpira. Nilitaka kujua utakaa wapi hasa sakafuni, ndipo vingine vyote viufuate.

Mpira unabanwa mbele na nyuma. Mbele iko skrini, ambayo ikiwa karibu mno itakurudishia mpira miguuni au usoni. Nyuma uko ukuta, ambao kichwa cha fimbo hakipaswi kuufikia unapoivuta. Skrini nayo haiegemezwi ukutani, kwa kuwa ikipigwa hutuna kwenda nyuma, na ikikutana na zege mpira utarudi kwa kasi na kitambaa kitachakaa haraka. Niliiachia sentimita 35. Kutoka kwenye skrini nikapima mita 3 hadi mpira, zikabaki mita 2.25 nyuma. Nikaweka alama ya gundi ya karatasi sakafuni, na tangu hapo alama ile haikusogezwa.

Alama ndiyo iliyonichagulia kifaa cha kupima mpira. Viko vya rada, ambavyo mara nyingi hukaa nyuma ya mpira kwa mita 2 hivi au zaidi, navyo huhitaji kuuona mpira ukisafiri hewani kwa nafasi ya kutosha. Na viko vya kamera, ambavyo huwekwa pembeni au hufungwa darini na kuupiga picha mpira wakati unaondoka, vikasoma kasi, pembe na mzunguko wake. Chumbani kwangu rada ingebanwa mbele na nyuma, kwa hiyo nilichukua cha kamera cha kukaa sakafuni. Kamera haipendi jua la dirishani, lakini projekta pia hailipendi, kwa hiyo pazia zito lilimaliza shida zote mbili.

Sasa dari. Kupima urefu wa dari kwa tepu hakukuambii fimbo yako inapita wapi, maana kila mtu ana mzunguko wake. Nilikata vipande virefu vya karatasi, nikavibandika darini kwa mistari, kila kimoja kikining'inia kwa kimo tofauti, halafu nikazungusha draiva polepole kisha kwa kasi ya kawaida, bila mpira. Vilivyoguswa vilichanika au vilidondoka. Juu ya kichwa changu na mbele yake kidogo, fimbo ilifika karibu mita 2.6 kutoka sakafuni. Upande wa pili wa mpira, ule ambao sisimami, hakuna karatasi iliyoguswa juu ya mita 2.2. Ningekuwa na la kumshauri mtu kufanya kabla ya kutoa hela yoyote, lingekuwa hili la karatasi. Lilinionyesha mahali pa kutundika projekta hata kabla sijajua nitanunua ipi.

Upana wa skrini uliamuliwa na chumba: mita 3.2, nibaki na nafasi ya fremu na ya kupita mtu. Kimo kiliamuliwa na fimbo za weji, zile fupi zinazoupandisha mpira juu sana. Mpira unaoondoka kwa pembe ya nyuzi 30 utakuwa umepanda mita 1.73 utakapofika kwenye skrini iliyo mita 3 mbele. Kwa nyuzi 35 unafika mita 2.1. Skrini yenye kimo cha mita 2 ingependeza kwa filamu, lakini kwa gofu mipira ya weji ingeishia kwenye kitambaa cha juu, na dari ingekuwa inaomba msamaha. Kwa hiyo nilichagua mita 3.2 kwa 2.4, yaani uwiano wa 4:3.

Hapo ndipo hesabu ya projekta inapowachanganya watu, nami nitaieleza taratibu. Kila projekta ina namba inayoeleza uhusiano wa umbali na upana: ukigawanya umbali wa lenzi hadi skrini kwa upana wa picha, unaipata. Projekta niliyokuwa naitazama ilikuwa na 0.69 hadi 0.83, kwa kuwa lenzi yake inaweza kukuza na kupunguza. Haraka haraka mtu atazidisha namba hizo kwa mita 3.2 za skrini yake. Lakini picha asilia ya projekta ile ni pikseli 1920 kwa 1200, yaani 16:10, si 4:3. Ili ijaze kimo cha mita 2.4, picha yake kamili lazima iwe na upana wa mita 3.84. Zile sentimita 32 zinazozidi kila upande zinakuwa giza, zinaangukia kitambaa cheusi cha pembeni, na kwenye skrini unabaki na pikseli 1600 kwa 1200. Umbali basi unahesabiwa kwa 3.84: kati ya mita 2.65 na 3.19. Aliyehesabu kwa 3.2 akaitundika projekta hiyo mita 2.3 kutoka kwenye skrini, hata akiikuza picha mpaka mwisho atapungukiwa na zaidi ya sentimita 30 kwenda juu, na wakati huo mashimo ya skrubu yameshatobolewa darini.

Yangu niliifunga mita 2.8 kutoka kwenye skrini, mbele kidogo ya mpira, na nikaisogeza sentimita 35 kwenda upande ambao sisimami. Picha ingeangukia pembeni, ila projekta ile ina uwezo wa kuhamisha picha kwa kuisogeza lenzi yenyewe. Nilipochagua, uwezo huo niliupa uzito kuliko mwanga. Kuna njia nyingine ya kunyoosha picha, ya kidijitali, ambayo hupinda picha ndani ya projekta ili ionekane ya mstatili kwenye skrini. Inafanya kazi, lakini inakula pikseli, na kwenye mashine nyingine huongeza uchelewaji wa picha. Mimi niliizima kabisa. Nilitumia timazi kupata mstari wa katikati, pimamaji kuweka bamba la darini sawa, kisha nikaonyesha picha ya miraba na kukaza skrubu moja moja hadi kingo zikalingana na kitambaa.

Kuhusu mwanga, lumeni 4000, yaani mwanga wote unaotoka kwenye projekta, zikitawanyika kwenye picha ya mita za mraba 9.2 zinatoa kama luksi 435, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, kabla skrini haijanyonya sehemu yake. Chumba kikiwa na giza zinatosha. Taa niliyobakiza ni moja, imeelekezwa chini kwenye mpira, na ina kifuniko kinachozuia isimulike skrini. Nilichukua projekta ya leza badala ya ile ya taa ya kawaida, kwa kuwa leza nyingi zimepangwa kudumu kwa saa 20,000 hivi, na sikutaka kupanda ngazi kila mara kubadilisha taa iliyo juu ya mpira. Za kukaa karibu kabisa na skrini sikuzifikiria. Mwanga wake hupita kwa kulalia kitambaa, kila mkunjo mdogo unaonekana, na zenyewe zinakaa pale pale mpira unapoelekea.

Kivuli kilinisumbua kichwani kuliko kilivyonisumbua chumbani. Lenzi ikiwa mita 2.75 juu, mwanga unaoelekea ukingo wa chini wa skrini bado uko zaidi ya mita 2.2 kutoka sakafuni unapopita nusu mita mbele ya mpira. Fimbo hukata mwanga mwishoni mwa mzunguko, lakini wakati huo mpira umeshafika zamani.

Fremu ilikuwa kazi ya fundi wa mabomba kuliko kazi yangu. Mabomba ya chuma ya inchi 1, viungio vya kona vyenye njia tatu, boliti za kukaza. Kina cha kibanda, yaani fremu na vitambaa vinavyoizunguka skrini, ni mita 1.5, ili kitambaa cheusi cha pembeni kiukamate mpira uliogongwa na shingo ya fimbo. Mpira wa namna hiyo hutoka ghafla kwenda kulia, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, na ndio unaovunja vitu. Mabomba ya mbele yamefunikwa sponji nene, kisha kitambaa juu yake. Bomba la chini la skrini limesogezwa nyuma ili lisipigwe, na kitambaa kimeachwa kikilala sakafuni kama sentimita 20.

Fundi alikuwa amezoea maji, si gofu, akaniuliza kwa nini chuma chote hiki kwa ajili ya kampira kadogo. Nikamfanyia hesabu. Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93, lakini ukitoka kwa mita 60 kwa sekunde, kasi ambayo mchezaji wa kawaida anaifikia kwa draiva, unabeba zaidi ya jouli 80 na unafika kwenye skrini kwa sekunde 0.05. Huna muda wa kuinama. Akaongeza boliti.

Kukaza skrini ndiko kulikokula muda wangu mwingi, na siamini kuna mtu anayeweza kukupa kipimo chake. Kitambaa ni cha poliesta chenye tabaka tatu, kina matundu yenye pete za chuma pande zote, na kila tundu linafungwa kwenye bomba kwa kamba ya kuvutika. Ukikaza kote kama ngozi ya ngoma, picha inanyooka vizuri sana na mpira unarudi kukutafuta. Ukilegeza, mpira unadondoka chini papo hapo lakini fairway, ile njia ya nyasi fupi kwenye picha, inakuwa na mawimbi. Nilianza na kamba za juu na za pembeni zikiwa na mkazo wa wastani, za chini zikiwa zimelegea kabisa, nikapiga mipira mifupi ya weji nikiwa nimesimama pembeni zaidi ya kawaida. Kisha aironi namba 7. Draiva ikaja mwisho. Kila hatua nilitazama mpira unaporudi unaishia wapi. Nilitaka uviringike na kusimama kabla ya kufika kwenye zulia la kupigia. Kilichosaidia ni kulegeza chini zaidi, si juu. Mikunjo midogo ya chini huonekana kwenye nyasi za mbele kabisa za picha, na macho huizoea. Kitambaa kipya pia hulegea chenyewe kikishapigwa kwa muda, kwa hiyo usikate kamba zilizozidi mapema.

Zulia la kupigia lilikuwa na unene wa sentimita 4, na ukisimama sakafuni huku mpira uko juu ya zulia, ni sawa na kupiga mpira uliopandishwa kwenye kilima kidogo. Niliinua sehemu yote ya kusimama kwa plaiwudi na sponji ngumu hadi miguu na mpira vikawa sawa. Bila shaka dari nayo ikapungua sentimita 4, lakini karatasi zile zilipimwa nikiwa nimesimama juu ya ubao wa unene huo huo. Kwenye zulia lenyewe msibane matumizi jamani. Zulia gumu juu ya zege hupeleka mshtuko wote kwenye viwiko na vifundo vya mikono, na halikuambii ukweli ukigonga chini kabla ya mpira.

Kompyuta sitaizungumzia sana. Programu ya viwanja inataka kadi ya picha yenye nguvu ya kutosha, na mwongozo wake utakuambia ipi. Ila waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye projekta, upitishe darini kabla ya kufunga projekta. Kwa umbali mrefu nilitumia ule wa nyuzi za kioo, ambao una upande wa kompyuta na upande wa projekta. Ukigeuzwa hautoi picha yoyote, kwa hiyo uujaribu ukiwa bado sakafuni.

Mipira ninayotumia humu haitoki nje. Mpira wenye mikwaruzo unakwangua kitambaa, na wenye wino wa kalamu unaacha alama usiyoitaka katikati ya anga la bluu. Nafuta skrini kwa kitambaa chenye unyevu, na ninazifuta fimbo za weji kila baada ya muda, kwa sababu mifereji yake hukwangua ganda la mpira na vumbi hilo hubandikwa kwenye skrini.

Shemeji yangu ni mashoto. Anaposimama yeye, projekta inakuwa upande wake, juu ya bega. Tulirudia karatasi kwa ajili yake, na tukakubaliana kwamba humu ndani fimbo yake ndefu kuliko zote iwe aironi namba 5. Hajafurahi, lakini mpira wake wa aironi ni mnyoofu kuliko wangu wa draiva, kwa hiyo sina la kujivunia.

Kuputi, yaani kuuviringisha mpira kuelekea shimoni, bado hakujaniridhisha. Mpira unasukumwa mita 3 kwenye zulia lisilo na mteremko, huku picha ikikuambia mteremko unavuta kushoto, na mwili haukubali. Programu inakuruhusu kuhesabu mpira kuwa umeingia ukiwa ndani ya umbali fulani wa shimo. Nimeuweka umbali huo kwenye mita 2, na kuputi kwa kweli nakwenda kufanya uwanjani.