Boila ya gesi inashusha presha kila mara: nilivyojua maji yanaenda wapi

Kama una boila ya gesi inayopasha nyumba na kila baada ya muda inajizima, ukiangalia geji ya presha ya maji mshale umelala karibu na sifuri, mi pia nimepitia huko na sa hivi iko sawa, kwahiyo naandika yote maana kila niliyemuuliza aliniambia "ongeza maji tu" na hakuna aliyeniambia maji yanapotelea wapi.

Tuanze na namba. Rejeta (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha vyumba) zikiwa za baridi kabisa geji isome kati ya baa 1 na 1.5, baa ndo kipimo cha presha. Zikipata moto inapanda kidogo, ikikaribia 2 hamna shida. Ikifika 3 valvu ya usalama inafunguka na kumwaga maji nje kupitia bomba dogo linalotokeza ukutani. Na ikishuka chini ya 0.5 hivi boila nyingi zinagoma kuwaka, hapo zinajilinda tu maana kuwasha moto bila maji ya kutosha ndani ni kuiua.

Kujaza kwenyewe ni rahisi. Unazima boila unaacha ipoe, chini yake kuna mpira uliosukwa kwa waya wenye koki kila upande, unafungua moja kisha ya pili taratibu, unasikia maji yanaingia huku mshale unapanda, ikifika 1.3 funga zote mbili na ukaze vizuri. Kama mpira wako ni wa kuchomoa, uchomoe. Koki isipofunga sawasawa maji yataendelea kuingia polepole na presha itapanda yenyewe, nalo ni tatizo jingine.

Ila kujaza kila mara mi sikukubali kuishi nako. Maji ya kwenye rejeta yanatakiwa kuwa yale yale yanazunguka tu, kila ukiingiza maji mapya unaingiza oksijeni mpya, oksijeni inaleta kutu, kutu inageuka tope jeusi linaloziba njia, na ile dawa ya kuzuia kutu inayowekwa kwenye hayo maji inazidi kuchujuka.

Basi nikachukua karatasi nikaibandika pembeni ya boila, asubuhi kabla haijawaka naandika geji inasoma ngapi, jioni rejeta zikiwa moto kabisa naandika tena. Huku nikapita na tishu kavu rejeta zote, nafuta chini ya kila nati na kila koki, maana tone dogo linakauka kwa ule moto kabla hujaliona kwa macho. Moja ilikuwa na ukoko mweupe wenye ukijani pale bomba linapoingia kwenye koki, nikaishika koki kwa spana moja isizunguke nikakaza nati kidogo sana kwa spana nyingine, tishu ikabaki kavu. Nikafurahi, lakini presha ikaendelea kushuka vile vile.

(Ukitoa hewa kwenye rejeta presha lazima ishuke, usishtuke, jaza mara hiyo moja halafu ndo uanze kuhesabu.)

Kilichonifungua macho ni ile karatasi. Ya baridi ilikuwa inasoma 1.2 lakini ya moto ilikuwa inakaribia 3 kabisa, halafu kesho yake asubuhi iko chini kuliko jana. Yaani tatizo la presha ndogo lilikuwa linaanzia kwenye presha kubwa! Nikaenda nje nikafunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa lile bomba dogo, nikauacha usiku, asubuhi una maji. Kumbe kila boila ikipata moto inatema kidogo, ikipoa yale yaliyotemwa hayarudi, mshale unalala.

Sababu yake nilielezwa na fundi nikaelewa vizuri. Maji yakipata moto yanatanuka, lita 100 zikitoka baridi mpaka nyuzi 70 zinaongezeka kama lita 2, na maji hayabonyei kwahiyo lazima yapate pa kwenda. Ndo kazi ya kitenki cha kupokea maji yaliyotanuka, kwangu kiko ndani ya boila, ndani yake kuna mpira unaokigawa, upande mmoja maji upande mwingine hewa, maji yakitanuka yanaisukuma hewa. Hewa ikiisha maji hayana pa kwenda, presha inaruka, valvu inafunguka.

Hapa niliita fundi mwenye leseni ya gesi na nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu kufika kwenye kitenki changu lazima utoe kifuniko cha boila, na kwenye boila nyingi kile kifuniko ndo kinazuia moshi wa gesi usiingie ndani ya nyumba, ukikirudisha vibaya ni hatari ya kufa. Nilisimama pembeni nikaangalia. Kitenki kina valvu ya kujazia hewa kama ya tairi, akabonyeza ile pini katikati, haikutoa hewa wala maji. Akasema hiyo ni habari njema, yangetoka maji ingekuwa mpira umepasuka na kitenki kinabadilishwa kizima. Akafunga koki zinazotenganisha boila na rejeta, akamwaga maji ya ndani mpaka geji ikawa sifuri, maana maji yakiwa bado yanasukuma kipimo cha hewa kinadanganya, kisha akajaza hewa kwa pampu mpaka namba iliyoandikwa kwenye kitenki, njia ya kutolea maji ameiacha wazi. Valvu ya usalama nayo akabadilisha, alisema ikishatema mara nyingi uchafu unakaa kwenye kikalio chake haifungi tena vizuri.

Sasa hivi baridi inasoma 1.3, moto 1.7, na mfuko ni mkavu.

Kama kwako ya moto haipandi sana, mfuko ni mkavu na tishu ni kavu, boila ikiwa imezimwa na imepoa funga zile koki mbili za kwenda na kurudi kwenye rejeta uache usiku kucha. Geji ikishuka maji yanatokea ndani ya boila yenyewe. Ikibaki palepale halafu ukifungua koki ikaanguka ghafla, mabomba ndo yanavuja, pengine chini ya sakafu. Mwambie fundi hilo kabla hajaja ajue anakuja kutafuta nini, na akitaka kujaza maji tu aondoke, muombe apime hewa ya kitenki kwanza.