Madam alisema anaenda likizo

Wiki hii dada mmoja wa ofisini ameniuliza tena ati nilipataje tharapisti, na kila nikianza kumjibu kwa WhatsApp naona nimeacha ile kitu ya maana, so wacha niandike hapa polepole.

Kupata mtu Nairobi haisumbui. Wako Kilimani, Upper Hill, Westlands, wako hata town kwenye yale majengo ya zamani, na siku hizi wengi wanakubali video, kitu ambayo mvua ikinyesha na Ngong Road ikisimama inakuokoa kweli. Kazi ni kupata anayekufaa na ambaye mfuko wako unamfikia. Mimi nilitajiwa kuanzia elfu mbili na mia tano hadi elfu sita kwa sesheni moja, na saa yenyewe haifiki. Ukiona hutaweza, uliza kama wana mwanafunzi wa masters anayefanya kazi chini ya msimamizi. Vyuo kama Daystar na USIU vinafundisha hiyo kozi, na wanafunzi wanahitaji masaa ya kukaa na watu, na wale nimeskia habari zao wako makini sana. Uliza pia kama bei inashuka. Usione haya, wamezoea kuulizwa.

Na leseni, tafadhali. Tuko na sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na bodi yake, na mtu haruhusiwi kufanya hii kazi bila kusajiliwa. Muulize namba yake ya usajili, aliye sawa atakupa bila kununa. Nasisitiza juu kuna watu wanafanya kozi fupi hivi halafu wanaanza kuchokonoa wenzao mambo ya utotoni, mtu anatoka hapo hawezi hata kulala.

Sasa ile kitu ya maana. Rafiki yangu wa ustawi wa jamii, baada ya kuniskiza miaka mingi nikimweleza venye kila mtu akinikaribia mimi hutoroka kabla hajaniacha, aliniambia nitafute anayefanya tiba ya atachimenti, yaani ya venye mtu anajishikilia kwa watu wake wa karibu. Sikuwa naijua. Venye nimekuja kuielewa ni hivi: mtoto mdogo akishtuka anamkimbilia mtu wake, akishatulia anarudi kucheza. Akizoea kwamba huyo mtu yuko na akilia ataitikiwa, anakua akijua watu wanategemeka. Akikosa hiyo anajitafutia njia zingine. Kuna atakayenyamaza na kukaa kama hahitaji mtu, kuna atakayeng'ang'ania juu anaogopa kuachwa, na kuna yule anataka kukaribia na kutoroka kwa wakati mmoja, haswa kama wa kumkimbilia ndiye pia wa kumtisha. Hayo sio magonjwa, na hizo kwizi za intaneti za kukuambia wewe ni aina gani kwa dakika mbili usizipe uzito. Ni njia mtoto alitumia kubaki karibu na watu aliokuwa nao. Tiba inashughulika na venye hizo njia bado zinafanya kazi kwako ukiwa mtu mzima, kwa ndoa, kwa kazi, hata hapo kwa kiti ukiongea na tharapisti.

Aliyeanzisha hii nadharia ni daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby. Kwao walikuwa watu wa uwezo, mamake alikuwa anamwona kama saa moja kwa siku baada ya chai, na aliyemlea haswa ni yaya. Huyo yaya aliondoka Bowlby akiwa na kama miaka minne, na akiwa mtu mzima alikuja kusema mtoto aliyelelewa na yaya anayempenda, huyo yaya akiondoka inaweza kuwa karibu kama kufiwa na mama. Nilisoma hiyo nikiwa kwa matatu nikafunga simu kwanza.

Na sehemu kubwa ya ushahidi wa mwanzo ilitoka hapa kwetu karibu. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alikuja Uganda 1954 kwa sababu bwanake alipata kazi Kampala. Akatafuta familia 26 za Waganda vijijini huko karibu na mji, akawa anawatembelea akiwa na mkalimani, mara kwa mara kwa miezi, anakaa sebuleni masaa mawili hivi anaangalia tu akina mama na watoto wao. Akaona venye mtoto anatambaa kwenda mbali, anageuka kumwangalia mamake, anaenda tena, na akiogopa anarudi kwake. Kitabu chake juu ya hao watoto kilitoka 1967. Ile majaribio yake maarufu ya Baltimore, ya mama kutoka chumbani na kurudi, ilikuja baadaye, na pale kilichomfunza zaidi ni mtoto anafanya nini mama akirudi, kuliko amelia kiasi gani akiachwa. Kwa hivyo mtu akiniambia haya ni mambo ya majuu namwambia waliomfundisha Ainsworth ni kina mama wa Buganda na watoto wao.

Kitu moja uwe makini nayo ukitafuta Google. Kuna kitu kingine Marekani kilijiita tiba ya atachimenti, cha kumshika mtoto kwa nguvu na kumbana ati ndio ampende mzazi. Mwaka wa 2000 msichana wa miaka 10 alikufa Colorado akifanyiwa kitu kama hiyo, akiwa amefungwa ndani ya shuka. Wataalamu waliikataa kabisa. Mtu akikuambia lazima mtoto wako ashikwe kwa nguvu, chukua mtoto wako uende.

Mimi kwetu tulilelewa na auntie, yule dada wa kazi. Mama alikuwa anatoka saa kumi na moja asubuhi kuenda kazi Industrial Area na anarudi sisi tumelala, alikuwa anatutafutia na sina neno mbaya kwake. Auntie ndiye alikuwa ananifunga nywele, ananiambia "tulia mamangu, imebaki hii moja." Siku moja nimetoka nasari nikapata mtu mwingine jikoni, amejifunga leso ile ile ya auntie, ya kijani iliyochanika pembeni. Hakuna mtu aliniambia kitu. Nilikula nikanyamaza. Nadhani nyumba nyingi hapa Nairobi ziko na hiyo hadithi, na hatuihesabu kama mtoto amepoteza mtu, tunasema tu mfanyakazi ameenda.

Tharapisti wangu ni mama wa rika la mamangu. Aliniambia nimuite jina lake nikashindwa, mimi humwita madam. Miezi ya kwanza nilikuwa nangoja aniambie cha kufanya, na hakuniambia. Alikuwa ananiuliza tu, "hapo umecheka, kuna nini?" Halafu mwaka jana, Oktoba hivi, akasema Desemba anaenda likizo wiki tatu, akanipa tarehe ya kurudi. Nikamwambia sawa, safari njema. Usiku huo nikamwandikia meseji ndefu ya heshima nyingi nikamshukuru, nikamwambia naona niko poa sasa, tuishie hapo.

Akanipigia kesho yake. Hakunisihi. Alisema, "Naskia umeamua kuenda kabla mimi sijaenda. Inaweza kuwa uko tayari kumaliza, na ikiwa ni hivyo nitakuaga vizuri. Lakini kuja Alhamisi tuongee kwanza." Nilienda nikiwa nimekasirika hadi mikono inatetemeka, nikamwambia nyinyi wote mko hivyo, na hapo kwa "nyinyi wote" akanisimamisha, akauliza wote ni nani, na ndio leso ya kijani ikatoka. Nililia mpaka saa ikaisha. Desemba akaenda, Januari akarudi ile siku alisema. Mtu anaweza ona hiyo ni kitu kidogo. Mimi sikuwa nimewahi kumngoja mtu nikiwa nimemkasirikia na bado akaja.

Hiyo ndio nilitaka huyo dada wa ofisini ajue. Ukienda mara ya kwanza muulize mtu likizo zake zinakuwaje, na kama ukimkasirikia mtafanyaje, na kama siku ya kumaliza ikifika mtaagana vipi. Angalia anajibu aje. Mimi hayo maswali yananisaidia kumjua mtu kuliko vyeti vilivyoko ukutani, na hata hivyo vyeti nimeviangalia.

Jumapili nilimpigia mama nikamuuliza auntie alienda wapi. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia auntie alikuwa na mtoto wake mdogo Kitui, alikuwa amemwachia nyanyake, na mtoto akagonjeka ndio akaitwa usiku. "Sisi tuliona ukimwona akienda utalia," akasema. Sikuwa najua kuna mtoto mwingine, tena karibu rika langu, alikuwa anangoja huyo huyo auntie huko nyumbani wakati ananisuka. Mama amesema jirani wetu wa zamani pale Donholm anaweza kuwa na namba. Nimemuomba aiulizie, na Alhamisi nitamwambia madam.