Tulivyoitoa kampuni yetu mikononi mwa mfilisi

Ikishatoka amri ya mahakama ya kufilisi kampuni yako, jamaa wote watakwambia neno moja: mlipe huyo mdai aliyeiomba, yaishe. Shemeji yangu, ambaye ana hisa kwetu, alinambia hivyo hivyo, na pesa alikuwa nazo tayari. Wakili ndiye aliyemzuia. Alitueleza kuwa amri ikishatolewa, jambo si la watu wawili tena. Mali ya kampuni inakuwa ya kugawiwa wadai wote kwa utaratibu wa sheria, na ukimlipa mmoja pembeni kutoka humo umewapunja waliobaki, na malipo yenyewe yanaweza kutenguliwa. Bora pesa hiyo ikae, alisema, tutaihitaji kwa kazi nyingine.

Sisi, hapa Zanzibar, tunanunua mwani mkavu kwa kina mama wa Paje na Jambiani, tunaufunga marobota na kuupeleka nje. Wakulima tunawapa kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, kwa mkopo, tunawakata kidogo kidogo mwani unapofika mizani. Kamba tulikuwa tunaletewa na muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Mzigo wake wa mwisho ulikuwa mbovu: kamba zikifungwa kwenye vigingi, bamvua moja tu zishafumuka. Sehemu tukairudisha kwa boti, na pesa ya mzigo huo tukaizuia. Akaandika barua ya madai akatupa wiki tatu. Tukamjibu kwa maandishi kuwa deni hilo tunalipinga, na sababu tukazitaja. Kilichofuata ni ombi la kufilisi kampuni, katika Mahakama Kuu. Hati ya wito ikaachwa kwa mlinzi wa jengo tulilohama zamani, ilhali anuani yetu mpya ilishaandikishwa kwa Mrajis wa Makampuni. Kesi ikasikilizwa upande mmoja, amri ikatoka, na sisi tukaijua siku tulipokuta ghala lina kufuli si letu.

Mfilisi mwenyewe alikuwa mtu mstaarabu, sina kinyongo naye. Lakini kazi yake ni kukusanya mali na kuiuza, na mwani uliolala ghalani msimu wa mvua unavuta unyevu, uzito unadanganya na bei inaanguka. Benki ilifunga akaunti. Sisi wakurugenzi tukawa hatuna sauti juu ya mali yoyote. Kilichotubakia ni haki ya kuipinga amri yenyewe, na hata gharama za kuipinga hazikuruhusiwa kutoka kwenye pesa ya kampuni. Hapo ndipo pesa ya shemeji ilipopata kazi.

Lililonikosesha usingizi ni jingine. Ufilisi wa mahakama huhesabiwa umeanza siku ombi lilipofunguliwa, si siku ya amri. Kwa hiyo malipo yote tuliyowapa kina mama katikati hapo, bila kujua lolote, yalikuwa hatarini mpaka mahakama iyahalalishe. Nikaenda Paje kuwaeleza kabla hawajayasikia barazani. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mimi mahakama siijui, naijua mizani yako. Mwani wangu wa juzi nalipwa au silipwi?" Jibu sikuwa nalo.

Maombi tuliyopeleka Tunguu, iliko Mahakama Kuu, yalikwenda kwa hati ya dharura ili yasikilizwe haraka: kwanza mfilisi asiuze kitu mpaka tusikilizwe, pili amri iondolewe, tatu malipo ya wakulima yahalalishwe. Kwamba hatukupewa wito ipasavyo lilikuwa jepesi kuthibitisha. Nakala ya usajili kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali ilionesha anuani na tarehe. Lakini wakili alituonya kuwa hilo peke yake halitoshi. Jaji atauliza: nikiifuta amri leo, mna la kujibu kesho? Ikabidi tuoneshe kuwa deni lina ubishi wa kweli, kwa sababu mahakama zinazofuata msingi wa sheria ya Kiingereza, zetu zikiwamo, hazipendi ombi la ufilisi kugeuzwa fimbo ya kukusanyia deni linalobishaniwa. Deni la namna hiyo lina mlango wake, nao ni kesi ya madai ya kawaida.

Mtunza ghala wetu, kijana wa Makunduchi mwenye mwandiko wa kuku, ndiye aliyetuokoa. Kwenye delivari noti ya mzigo ule, chini ya sahihi ya dereva, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kamba zimelika, mabunda ya juu tu ndiyo mazima, dereva ameona." Na dereva akatia sahihi tena pembeni. Karatasi ile tuliiambatanisha kwenye hati ya kiapo pamoja na risiti ya boti ya mzigo uliorudi. Wakili wa upande wa pili hakuigusa hata kidogo katika hoja zake, akakimbilia kwenye hesabu zetu.

Kulikuwa na tundu moja. Mabunda mazima tulikuwa tumeyatumia, na bei yake tulikuwa tunaizuia pamoja na ya yale mabovu. Deni likiwa na kipande kisichobishaniwa, ombi linaweza kusimama kwa kipande hicho hicho. Basi wakili akaomba ruhusa, pesa ya mabunda mazima ikawekwa mahakamani, kutoka mfukoni mwa shemeji. Nawashauri wenzangu wasilichelewe hili. Ukigoma kulipa hata usichokibisha, jaji anakuona mbishi tu.

Waliobaki ni wadai wengine. Nilimwendea mwenye ghala, muuza magunia na mwenye lori, kila mmoja akaandika kuwa anatudai lakini hataki kampuni ifilisiwe. Mwenye lori alitaka kwanza alipwe la zamani, tukavutana, mwisho akatia sahihi. Ilani ya kupinga uamuzi wakili aliiandaa mapema: rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na ilani hiyo inatakiwa iingie ndani ya siku 30, kwa hiyo hakutaka tuanze kuitafuta baada ya kushindwa.

Haikuhitajika. Jaji aliiondoa amri, akahalalisha malipo ya wakulima, na ombi likapangwa lisikilizwe upya pande zote zikiwapo. Kabla ya siku hiyo mdai aliliondoa, akafungua kesi ya kawaida juu ya bei ya kamba. Hiyo inaendelea. Benki haikufungua akaunti mpaka ilipoona nakala ya uamuzi yenye muhuri, na kwa Mrajis ilibidi nifuatilie kumbukumbu mwenyewe, dirisha kwa dirisha, hadi neno "inafilisiwa" likaondoka mbele ya jina letu. Ujira wa mfilisi kwa muda aliofanya kazi nao ulibidi ulipwe. Mahakama iliubebesha upande ulioleta ombi, ila kufuli mfilisi alituachia sisi.