Vile viduara kwenye rangi ya gari

Gari langu jeusi, na mwenye gari jeusi anajua mateso yake. Kivulini linang'aa safi, likitoka tu juani unaona kama buibui kasuka utando boneti nzima. Nilidhani ni uchafu, nikawa nasugua zaidi, kumbe ni mikwaruzo midogo ya duara na ndo naiongeza, maana kitambaa kikibeba mchanga kidogo tu kinachora.

Sasa polishi haifuti mkwaruzo, inakula kliakoti (lile tabaka angavu juu ya rangi) inayouzunguka mpaka usawa ulingane, na hiyo kliakoti mara nyingi ni maikroni 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, so usiende kama unapiga msasa mlango. Pitisha ukucha kwanza, ukikwama hapo acha, mashine ya kupiga polishi haitakusaidia.

Mi nilitumia ile mashine ya DA (dual action), inazunguka huku inayumba, haipandishi joto haraka kama rotari, ile inayozunguka tu. Osha, piga kilei (ule udongo maalumu wa kutoa uchafu ulioganda kwenye rangi), bandika tepu kwenye kingo maana pale rangi ni nyembamba, halafu anza na pedi laini na polishi laini. Eneo la nusu mita kwa nusu mita, mwendo wa polepole, mipito ya mashine ipishane. Mara ya kwanza niliwasha mashine kabla sijaigusisha kwenye boneti, polishi ikaruka mpaka kwenye nyusi zangu 😂

Ukimaliza futa na spiriti, mafuta ya polishi yanaficha mikwaruzo, usijisifu mapema. Mi nilijisifu, nimerudia mlango mzima.